Ngozi kama plastiki: jinsi ya kunakili picha ya zamani ukajifunza rangi za mafuta

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga. Nimechora kwa penseli tangu shuleni, na kwa miaka michache nimekuwa nikichora watu kwa akriliki. Sasa nataka kujifunza rangi za mafuta, uhalisia ule wa picha za zamani za Ulaya. Niliambiwa njia nzuri ni kunakili, nikachagua picha ya Ingres ya yule mwanamke anayeoga, aliyekaa mgongo wazi na kilemba kichwani. Nimejitahidi kufuata kila kitu kama kilivyo, lakini mgongo umetoka kama mwanasesere wa plastiki na vivuli vimekuwa tope. Tena mama hataki picha ile ikae sebuleni. Je, nimechagua vibaya au ni rangi zangu? Nianze upya vipi?*

Marahaba, kijana wangu, na hongera kwa kuthubutu. Rangi zako hazina kosa. Tatizo dogo ni picha uliyoichagua kuanzia. Tatizo kubwa ni mpangilio wa kazi: kwa ulivyoeleza, inaonekana ulianza kutafuta rangi ya ngozi kabla hujaamua wapi pana mwanga na wapi pana giza. Nitayaeleza yote mawili, kisha nikupe picha nyingine ya kuanzia, ambayo nadhani hata mama ataikubali.

Ingres aliichora picha ile mwaka 1808 akiwa Roma, akisoma kwa udhamini wa serikali ya Ufaransa. Ni kubwa, sm 146 kwa 97, na leo iko Louvre, Paris. Hebu itazame tena huku umekunja macho, nusu umeyafumba. Mgongo karibu wote umo kwenye mwanga. Kutoka begani hadi kiunoni toni, yaani kiwango cha mwanga au giza, inabadilika kidogo mno, na kivuli cha kweli hukioni ila pembezoni. Ingres aliutukuza mstari kuliko kitu kingine chochote, na umbo la mgongo ule limebebwa na mstari wa nje pamoja na mabadiliko madogo ya toni ambayo jicho la anayeanza halijazoea kuyaona. Asiyeyaona hufanya ulichofanya wewe: anaona ulaini, anaiga ulaini, anapapasa rangi kwa brashi laini mpaka kila tofauti inayeyuka. Hapo ndipo plastiki inapozaliwa. Ulaini ule Ingres aliufikia mwisho kabisa, juu ya maamuzi mengi yaliyokwisha kufanyika chini yake, nawe umeanza nao.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukubaliana kunakili maana yake nini. Mwaka 1628 Rubens alifika Madrid kwa kazi za kibalozi. Alikuwa na miaka 51, na hakukuwa na mchoraji aliyekuwa na jina kubwa kuliko lake Ulaya nzima. Katika majumba ya mfalme wa Hispania alizikuta picha za Titian, naye akaweka turubai akaanza kunakili, moja baada ya nyingine. Titian alifariki mwaka 1576, mwaka mmoja kabla Rubens hajazaliwa, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kumwuliza swali isipokuwa kwa brashi. Picha moja ya Titian, ya Adamu na Hawa, na nakala ambayo Rubens aliifanya, zote mbili ziko kwenye jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Ukiziweka pamoja utaona Rubens hakutaka kudanganya jicho la mtu. Alibadilisha jinsi Adamu alivyokaa, akaongeza na kasuku. Alichokitafuta ni namna Titian alivyoufanya mwili uwe na damu na joto, na hicho alikipata, kwa sababu picha zake za baadaye zinakionyesha.

Nataka uichukue kazi yako hivyo hivyo. Usinakili picha iliyokwisha. Nakili maamuzi yaliyoifikisha pale, na uyanakili kwa mpangilio wake: kwanza umbo, pili mwanga na giza, tatu rangi, mwisho kingo na mng'ao. Anayeanza na rangi ya ngozi anapiga lipu ukuta ambao haujasimama.

Sasa picha yenyewe. Wakati Rubens ananakili Madrid, mchoraji wa mfalme pale alikuwa kijana wa miaka 29, Diego Velázquez. Miaka ishirini na kitu baadaye, Velázquez akiwa Roma, alimchora mtu aliyesafiri naye, Juan de Pareja. Pareja alikuwa Mhispania mwenye asili ya Kiafrika, mzaliwa wa Antequera, naye alikuwa mtumwa wa Velázquez, akimsaidia karakanani. Picha ilionyeshwa hadharani Pantheon, jengo maarufu la kale la Roma, mwezi Machi 1650, na waliokuwepo waliikumbuka kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba Velázquez aliichora kwanza ili kuurudisha mkono wake katika kumchora mtu hai, kabla hajakaa mbele ya Papa Innocent X. Yaani mchoraji mkubwa kiasi kile naye alijipa zoezi. Novemba ya mwaka huohuo alitia sahihi hati ya kumwachia Pareja huru, kwa sharti la kuendelea kutumika miaka minne. Pareja mwenyewe akaja kuwa mchoraji anayejitegemea, na picha yake kubwa ya mwaka 1661, ya Yesu akimwita Mathayo, iko Prado. Upande wa kushoto wa picha ile amejichora mwenyewe amesimama, anakutazama.

Nakushauri uanze na picha hii ya Pareja kwa sababu za kazi kabisa. Mwanga unatoka upande mmoja, juu kushoto, kwa hiyo uso umegawanyika: huku mwanga, huku kivuli, na mpaka wake unauona bila kubahatisha. Rangi ni chache mno, karibu zote za udongo, na nguo pamoja na ukuta wa nyuma vinaelea katika kijivu cha kijani na kahawia. Ngozi ni ya kahawia, ngozi ya watu utakaowachora maisha yako yote, na huwezi kuipata kwa ile desturi ya kutumia waridi na nyeupe inayofundishwa kwenye video nyingi. Na brashi inaonekana. Ingres amefuta nyayo zake, Velázquez ameziacha, unaweza kumfuata hatua kwa hatua.

Picha iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ina sm 81.3 kwa 69.9. Tangu 2017 jumba lile limeruhusu picha za kazi zake za zamani zipakuliwe bure kwenye tovuti yao zikiwa na ubora mkubwa, kwa hiyo usichukue picha yoyote inayokuja mbele kwenye simu. Nyingi zimeongezwa wekundu au giza. Pakua ile yao, ipeleke kwa mtu wa kuchapa mwenye mashine nzuri, akuchapie mara mbili: moja ya rangi, moja ya nyeusi na nyeupe. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe na rangi haiwezi kushindana nayo. Ukinakili kutoka kwenye simu utafukuzana na mwangaza usiofikika.

Usichore picha nzima. Kata kichwa na ile kola nyeupe tu, kwa ukubwa uleule wa asili, kwenye ubao au turubai ya sm 40 kwa 35. Mkono, joho na vifungo havitakufundisha kitu ambacho uso haukufundishi, ila vitakuchosha.

Kuhusu vifaa sitakaa sana, ila mambo machache yanaharibu kazi za vijana wetu wengi. Kitambaa cha marekani kinafaa kabisa kutandwa kwenye fremu, lakini usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu yake. Mafuta yakiingia kwenye nyuzi, kitambaa kinaoza taratibu na kuwa kikavu cha kukatika. Kipake gesso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya kuandalia turubai, mikono mitatu au minne, ukipiga msasa mwembamba kati ya mkono na mkono. Hadibodi iliyopakwa gesso pande zote mbili ni nzuri vilevile, tena kwa zoezi kama hili naipenda zaidi kwa sababu haitikisiki. Mafuta ya kitani yawe ya wachoraji. Yale ya kuchemshwa ya duka la vifaa vya ujenzi yametiwa dawa za kukausha na yanageuka rangi haraka. Kupunguza uzito wa rangi tumia tapentaini au waiti spiriti, dirisha likiwa wazi. Mafuta ya taa acha. Hayayeyuki hewani vizuri, yanabaki ndani ya rangi na kuifanya inate. Na vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona, vinaweza kupata joto vyenyewe vikawaka. Vitandaze nje vikauke au uviloweke kwenye maji.

Rangi saba zinatosha: nyeupe ya titani, oka ya njano, siena ya kuchomwa na amba mbichi (hizi tatu ni za udongo), nyekundu ya kadimi iliyo nyepesi, alizarini (nyekundu nzito) na nyeusi ya mifupa. Velázquez alikuwa na nyeupe ya risasi na nyekundu ya zebaki, ambazo ni sumu, na huzihitaji. Bluu usinunue sasa. Nyeusi ya mifupa ukiichanganya na nyeupe inatoa kijivu chenye ubaridi wa bluu, na karibu na rangi za udongo kijivu hicho jicho linakisoma kuwa bluu au kijani. Hilo peke yake ni somo kubwa ambalo picha hii itakufundisha.

Kabla ya kuchora, paka ubao wako wote rangi ya kijivu cha kahawia, ya katikati, isiwe nyeusi wala nyeupe, amba na nyeupe na tone la nyeusi, nyembamba, uiache ikauke. Usiruke hatua hii. Kwenye ubao mweupe kila rangi unayoweka inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, nawe unaogopa, unaongeza nyeupe, na picha nzima inapauka. Kwenye ubao wa kijivu, mwanga unaonekana mwanga na kivuli kinaonekana kivuli tangu mguso wa kwanza.

Uchoraji wa umbo ufanye kwa jicho, si kwa kufuatisha mistari. Najua wengi wanatumia gridi au karatasi ya kunakilia, na wanaomaliza hivyo wanapata mfanano mzuri siku ileile. Lakini wewe unajua penseli tayari, na siku ukikaa mbele ya mtu hai hakuna gridi usoni kwake. Pima kwa mpini wa brashi: umbali wa jicho mpaka pua, pua mpaka kidevu, upana wa kola ukilinganisha na urefu wa kichwa. Chora kwa amba iliyopunguzwa na tapentaini. Ukimaliza, geuza ubao na chapa yako (ile picha uliyochapiwa) kichwa chini, au vitazame vyote viwili kwenye kioo. Makosa yatajitokeza yenyewe. Angalia hasa mstari unaounganisha macho mawili. Kichwa cha Pareja kimegeuka kidogo upande, kwa hiyo jicho la mbali si nakala ya jicho la karibu, na anayelichora kama pacha wake anamwondolea Pareja ile hali ya kukutazama moja kwa moja bila kuyumba.

Halafu inakuja hatua ambayo uliiruka kwa Ingres. Weka pembeni chapa ya rangi, chukua ile ya nyeusi na nyeupe. Kwa amba na nyeupe peke yake changanya mafungu matano ya toni, kutoka giza kabisa hadi mwanga kabisa, yapange kwenye kibao. Kunja macho, tazama uso wa Pareja, ugawe katika sehemu mbili tu kwanza: kilicho kwenye mwanga na kilicho kwenye kivuli. Kivuli chote kipake kwa fungu moja, kama kipande kimoja, shavu la upande wa giza likiungana na kivuli cha shingo na ndevu zikiungana na vyote. Usiingize jicho ndani yake. Usiingize tundu la pua. Ukirudi nyuma hatua kadhaa na tayari unaona mtu, umefaulu. Kama huoni mtu, hakuna kope wala midomo itakayokuokoa, rekebisha maumbo ya vile vipande viwili.

Baada ya hapo gawa mwanga: fungu moja kwa sehemu kubwa ya shavu na paji, jingine la toni ya kati linalopita mpakani mwa kivuli. Kanuni moja usiivunje. Toni nyepesi kuliko zote ndani ya kivuli lazima iwe nzito kuliko toni nzito kuliko zote ndani ya mwanga. Anayeanza huona mwanga mdogo unaorudi chini ya taya, anaushangilia, anaupaka kwa nguvu, na taya inapasuka vipande viwili. Piga picha ya kazi yako kwa simu, iondoe rangi, iweke sambamba na chapa. Simu kwa kazi hiyo ni msaidizi mzuri sana.

Iache ikauke. Amba ina manganizi inayoharakisha kukauka, na kwa joto la Tanga tabaka jembamba halitakuchelewesha siku nyingi, ijapokuwa nyeupe ya titani itavuta muda kidogo. Gusa kwa kidole; kisiponata, endelea. Tabaka litakalofuata liwe na mafuta zaidi kidogo kuliko hili. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama akriliki, inakauka kwa kushika hewa na kukaza, na tabaka lenye mafuta machache likiwekwa juu ya lenye mafuta mengi linakaza kwanza, kisha la chini linaposogea la juu linapasuka.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo swali lako hasa.

Watu huuliza "rangi ya ngozi inachanganywaje?" kana kwamba ni moja. Tazama paji la uso la Pareja kwenye ile picha kubwa, ikuze mpaka ujaze skrini. Katikati pana shaba, rangi ya chungwa iliyotulia. Inapoelekea pembeni kugeuka, shaba inapoa, inakuwa kijivu chenye ukijani. Inapoingia kivulini inapata joto tena, kahawia ya ndani, nyembamba, karibu unaona ubao chini yake. Na juu ya yote kuna mguso mmoja wa mng'ao, baridi, wa waridi iliyopauka. Joto, ubaridi, joto, na ubaridi juu. Mzunguko huo ndio unaoifanya ngozi iwe hai. Ukiupaka uso mzima rangi moja, ukaongeza nyeupe kuuangaza na nyeusi kuutia giza, unapata mwanasesere hata kama mchoro wako ni sahihi kabisa.

Kwa hiyo: fungu la mwanga ni oka na siena, nyekundu kidogo ya kadimi, na nyeupe kiasi cha kufikia toni tu. Nyeupe ya titani ina nguvu kubwa na inafanya mambo mawili kwa pamoja, inaangaza na inapoza. Ndiyo maana mwanga wa vijana wengi unakuwa chokaa. Unapotaka kuangaza, anza na oka, kisha nyekundu, nyeupe iwe ya mwisho. Toni ya kati inapatikana kwa kuchukua fungu hilohilo na kuingiza kijivu cha nyeusi na nyeupe kidogo kidogo, mpaka uone ukijani unajitokeza, ukome hapo. Kivuli ni siena, amba na tone la alizarini, pamoja na mafuta kidogo, bila nyeupe hata chembe. Tope lako limetoka hapo: nyeupe iliingia kwenye vivuli. Weka brashi mbili, moja ya mwanga na moja ya kivuli, zisibadilishane kazi.

Ili usibahatishe, ifunike chapa ya rangi kwa kipande cha kioo. Ukichanganya rangi, weka tone juu ya kioo palepale unapodhani panafanana. Ikiwa sahihi, tone linapotea. Ikiwa si sahihi utaona papo hapo kama ni nyeupe mno, nyekundu mno, au baridi mno. Changanya mafungu yote namna hii kabla hujagusa ubao. Inachosha, lakini ndio moyo wa zoezi zima, na jicho lako litabadilika kwa namna ambayo hutaisahau.

Unapopaka, tumia brashi ya nywele ngumu, bapa, kubwa kadiri unavyoweza kuvumilia. Weka kipande cha rangi, kiache. Weka cha jirani, kiache. Usipapase. Pale ambapo mpito ni mkali mno, usisugue mpaka. Changanya fungu la katikati yao, uliweke kati. Brashi laini irudishe kabatini mpaka mwisho, na hata mwisho uitumie mahali pachache. Katika ngozi ya kahawia mng'ao unaonekana kwa nguvu zaidi kuliko kwenye ngozi nyeupe, kwa sababu umbali kati yake na toni ya jirani ni mkubwa, basi uwe bahili nao. Paji, mgongo wa pua, fupa la shavu, na basi. Mng'ao ukiusambaza uso mzima unapata mtu aliyetoka jasho au aliyepakwa plastiki.

Kingo ndizo zitakazokuambia kama umeelewa. Fuata ukingo wa nywele za Pareja kwa jicho: sehemu kubwa yake haupo. Nywele zinaingia kwenye ukuta wa nyuma na ukuta unaingia kwenye nywele. Kisha shuka kwenye kola, ambako nyeupe inakutana na vazi zito, ukingo unakata kama wembe. Velázquez amechagua wapi jicho lako lisimame na wapi lipite. Nakala nyingi zinakufa kwa sababu kila ukingo umechorwa kwa ukali uleule. Paka nywele na ukuta wa nyuma kwa wakati mmoja, rangi zote mbili zikiwa bichi, uzivute moja ndani ya nyingine.

Na kola yenyewe ni zawadi. Kwa mbali unaapa kwamba amechora lesi, uzi kwa uzi. Ikuze, hakuna lesi. Kuna kijivu cha wastani kimepakwa kwanza umbo zima la kola, kisha juu yake miguso minene ya nyeupe, mifupi, ya haraka, mingine imeburuzwa kwa brashi karibu kavu ikakamata kijivu cha chini. Hakuna tundu lililochorwa. Chora kijivu kwanza, kiache kitulie, halafu piga ile miguso ukiwa umesimama, mkono umenyooka, rangi nene bila tapentaini. Ukikosea kwangua kwa kisu urudie. Usirekebishe mguso juu ya mguso. Utakapofaulu kipande kidogo tu cha kola ile utafahamu kwamba uhalisia hautokani na kuchora kila kitu kilichopo. Unatokana na toni sahihi mahali sahihi, na jicho la mtazamaji linamalizia.

Nakala ikikauka, nyuma yake andika jina lako, mwaka, na kwamba ni nakala ya Velázquez. Mbele usiweke sahihi yake kamwe. Velázquez alifariki mwaka 1660, hakuna haki miliki unayoivunja, na ukitaka kuiuza iuze kama nakala, useme hivyo wazi. Louvre, ambako wachoraji wamekuwa wakinakili tangu 1793, hadi leo hawaruhusu nakala yenye vipimo sawasawa na picha ya asili, na hilo limesaidia kuheshimu kazi ya mwanafunzi na ya bwana wake pia. Vanishi isubiri, miezi sita hivi kwa tabaka la kawaida, zaidi pale ulipopaka rangi nene.

Ingres usimtupe. Mgongo ule uchore kwa penseli, mstari wa nje tu, mara nyingi, bila rangi. Hapo ndipo alipokuwa bwana wa mabwana, na penseli unayo mkononi.

Ila usikimbilie nakala ya pili ya mtu mwingine wa zamani mara tu ukimaliza. Muombe mjomba, jirani, fundi wa baiskeli, yeyote mwenye subira, akae karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukimjia kutoka juu kushoto, ukuta wa nyuma uwe wa kijivu au ufunike shuka iliyofifia. Tumia rangi zilezile saba na ubao wa kijivu uleule. Utakwama, hilo ni hakika, na mahali utakapokwama ndipo nakala yako itakapofanya kazi yake: itundike pembeni, utazame Velázquez alifanya nini pale shavu linapogeuka, au pale kope inapokutana na kivuli, kisha umrudie mjomba.

Ukiniandikia tena, nitumie kwanza picha ya hatua ya amba na nyeupe, kabla hujaweka rangi yoyote, iliyopigwa kivulini nje mchana bila flashi. Nikiiona hiyo naweza kukuonyesha kosa lilipo wakati bado linarekebishika kwa brashi moja.